Maji ya baridi asubuhi, tena Njombe

Watu wa Dar wakisema wanaoga maji ya baridi mi nacheka tu, yale ya bombani kwao si ya uvuguvugu jamani, njoo Njombe mwezi wa saba ujimwagie kopo la kwanza mgongoni uone pumzi inavyokata, meno yanagongana, vidole ganzi. Ila ukitoka hapo usingizi kwisha, mwili umechangamka hatari. Uholanzi walifanya utafiti ukatoka 2016, watu zaidi ya 3,000, waliokuwa wanamalizia kuoga na maji baridi hata sekunde 30 tu, kukosa kwenda kazini kwa ugonjwa kulipungua kwa 29%, ila siku za kuumwa zenyewe hazikupungua, yaani walienda kazini wakiumwa hivyohivyo haha. Mwenye presha au shida ya moyo aongee na daktari kwanza, baridi ya ghafla inapandisha presha. Wengine anzeni na miguu.