Siku ya geji 16: nilivyoandaa shindano la visahani, safari hii likafana

Jamani naandika hii bega likiwa bado linauma na moyo umejaa kabisa. Jumamosi tulikuwa watu 20 na shotigani 20, zote geji 16, tumevunja visahani, vile vinavyorushwa hewani na mashine ili vipigwe, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa hivi, na hakuna aliyekaa chini kusubiri zamu mpaka akachoka. Watu wanaondoka wananiuliza lini tena. Nasema hivi kwa sababu mara ya kwanza nilipojaribu, karibu niache kabisa, na iliharibika kwa kufuata ushauri wa watu wanaojua sana.

Kwanza kwa wasiojua kwa nini mtu ahangaike na geji 16. Hesabu ya geji ni ya kizamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe mipira 16 inayolingana, upana wa mpira mmoja ndo upana wa mtutu wako, kama milimita 16.8. Kwa hiyo kila mpira ni wakia moja, na risasi yenye wakia moja ya marisau (vile vipira vidogo vya ndani ya risasi), yaani gramu 28, inaufaa mtutu huo vizuri mno. Geji 12 ni milimita 18.5, geji 20 ni 15.6, sisi tuko katikati, bunduki nyepesi kuibeba kutwa lakini kisahani kikipigwa kinageuka vumbi. Mimi naipenda hii geji kuliko zote na sioni haya kusema. Tatizo mashindano ya skiti, ule mchezo wa visahani vinavyokatiza kutoka pande mbili, yana madaraja ya 12, 20, 28 na .410, letu halimo. Ukitaka kushindana unaingizwa na wenye 12. Basi watu wana bunduki za geji 16, Browning Sweet Sixteen na Ithaca 37 za babu zao zimelala kabatini zinapakwa mafuta tu, hazina siku yao. Siku hiyo ndo niliyotaka kuwapa.

Sasa ile ya kwanza. Nilipoanza kuulizia, wazoefu wawili watatu wakaniambia ruhusu geji zote, ukisema 16 tu utapata watu wanne. Wakaniambia pia risasi usihangaike nazo, kila mtu atakuja na zake. Nikakubali yote mawili, manake mi nilikuwa mgeni wa kuandaa na wao wamekaa uwanjani miaka. Wakaja watu wengi kweli, wa 12, wa 20, wa 16. Wenye 16 nusu yao wamekuja na boksi moja moja, wengine wamekuja mikono mitupu wakitegemea kununua pale uwanjani, na pale uwanjani geji 16 hakuna hata moja, si unajua hii geji huikuti kila rafu. Kufika kituo cha tatu watu wangu wa 16, ambao siku ni yao, wamekaa pembeni wanaangalia wa 12 wakipiga. Iliniuma sana.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Kwa vile risasi zilikuwa zinaombwaombwa huku na huku, maboksi yamefunguliwa juu ya meza moja, jamaa mmoja mwenye 12 akapewa kiganja cha risasi akatia mfukoni. Kituo cha pili akaingiza moja bila kuangalia, akafunga, akasema rusha, akavuta traiga, kimya. Akafungua bunduki, chemba, pale risasi inapokaa, nyeupe, haina kitu. Akadhani alisahau kupakia, akatia mkono mfukoni kuchukua nyingine. Nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua mbili na nilikuwa nimeona rangi ya njano ikiingia, nikapiga kelele SIMAMA, nikamwambia kaka usipakie, weka bunduki mezani imefunguka hivyo hivyo. Tukachungulia mtutu, mwanga haupiti. Risasi ya geji 20 ilikuwa imeteleza ikapita chemba ikaenda kukwama ndani ya mtutu. Angepakia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu ungepasuka mkono wake wa kushoto ukiwa palepale. Maganda ya 20 yanatengenezwa ya njano kwa sababu ya ajali hiyohiyo, ili uione. Lakini mkono ukiwa mfukoni hauoni rangi. Nikasimamisha shughuli yote, bunduki ikaenda kwa fundi, sisi tukarudi nyumbani. Njia nzima sikuongea.

Kwa hiyo mara ya pili nikaweka sheria moja na sikuilegeza kwa mtu: siku ya geji 16 ni geji 16 tu. Gari lako lina risasi za geji nyingine, ziache nyumbani kabisa, hata kwenye buti sizitaki. Walewale wazoefu wakaniambia hawatakuja watu. Walijiandikisha 26 nikachukua 20, basi.

Na risasi nikanunua mwenyewe, watu wakalipia kwenye ada. Nilianza kutafuta miezi minne kabla, kidogo hapa kidogo pale, nyingine nikaagiza kwa kreti. Pesa ilinitoka kwanza, siwezi kusema ilikuwa kidogo, ila ada ilirudisha karibu yote. Zote aina moja, gramu 28, marisau namba 8, ambazo ni kama milimita 2.3. Meza moja, rangi moja ya ganda, mtu yeyote akitia mkono popote anatoa kitu kilekile. Hapo ndo nilipoona ile sheria moja imenipunguzia kazi nusu.

Hesabu yake ilinipa raha peke yangu. Kawaida raundi ni visahani 25, kwa trapu (ule mchezo wa visahani vinavyokwenda mbele mbali nawe) na kwa skiti. Nikasema kwa nini tuige, hii ni siku ya 16, raundi yetu itakuwa visahani 16. Vituo vinne, kila kituo visahani vinne, raundi tatu. Tatu mara 16 ni 48. Boksi moja lina risasi 25, maboksi mawili ni 50. Yaani kila mtu napompa maboksi mawili asubuhi amemaliza, mbili zinazobaki ni za akiba kama risasi imekataa kuwaka. Hakuna kuhesabiana, hakuna kuombana. Na kwenye raundi ya kwanza tulisimama yadi 16 nyuma ya mashine, ambao kwa bahati njema ndo umbali wa kawaida wa trapu, kama mita 14.6. Watu walipogundua 16 zinajirudia kila mahali walifurahi kama watoto.

Watu 20, vituo vinne, vikosi vinne vya watu watano. Kila kikosi kinaanzia kituo chake, nikipuliza filimbi wote wanahama kwenda kingine. Ndo maana hakuna aliyesubiri. Mashine mbili nilikodi, mbili niliazima, moja ya kufunga springi kwa mkono na vijana wawili wakapokezana. Betri nendeni na ya ziada. Visahani nilichukua boksi kumi za 135, mahitaji ya mashindano ni 960 lakini vingine hufika vimevunjika na vingine hupasukia kwenye mashine. Halafu viwekeni kivulini, ule utomvu mweusi uliochanganywa na unga wa chokaa ukipata joto unalainika vinashikana, mashine inarusha viwili vimegandana.

Vibali na mwenye uwanja, hayo kila mtu anajua sheria za kwake, maliza mapema.

Mpangilio wa uwanja: jua liwe mgongoni, wote wanapiga upande mmoja, na mbele pawe wazi mita 275 hivi kwa marisau ya namba 7½ au madogo zaidi, pasiwe na njia wala maji. Skiti yenyewe ilianza Andover, Massachusetts, miaka ya 1920 ikiwa duara zima, jirani akaanzisha shamba la kuku upande mmoja ndo wakaikata ikawa nusu duara. Kwa hiyo hata wao waliobuni walibadilisha mchezo kwa sababu ya jirani, na wewe usione uvivu kwenda kupima kwa miguu. Mi nilipima mara mbili.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho bunduki za 16 zinacho na wengi hawakijui. Za zamani, hasa za Ulaya, nyingi zina chemba ya milimita 65. Risasi za leo ni za 70. Na mtego uko hapa: risasi ya 70 inaingia kabisa kwenye chemba ya 65, bunduki inafunga vizuri, kwa sababu ile 70 ni urefu wa ganda likishafunguka mdomo. Ukifyatua, mdomo hauna pa kufungukia, presha inapanda. Kwa hiyo wiki tatu kabla niliwaambia wote wanitumie picha ya mihuri iliyo chini ya mitutu, inayoonyesha urefu wa chemba. Mbili zilikuwa za 65. Moja ya dada mmoja, akapata ya kuazima. Nyingine ya mzee wetu mmoja, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, na ukiitazama mitutu ina mistari kama ya mbao, ile ya kusokotwa chuma. Nikaenda kwake mwenyewe, jambo kama hili halisemwi kwa simu. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza. Akanyamaza, akasema "mwanangu, hii aliniachia baba." Nikamwambia mzee, ndo maana sitaki ipasuke mikononi mwako. Tukaelewana: bunduki ya baba yake inakuja, inakaa meza ya maonyesho na yeye anawasimulia watu, kupiga anapiga na Ithaca yangu. Ile meza ikawa imejaa watu mchana kutwa.

Ushauri mwingine mbovu: weka visahani vigumu ili watu waone changamoto. Hapana. Kama unataka watu wafurahi, raundi ya kwanza rusha vya kwenda mbele moja kwa moja, kila mtu avunje kitu, masikio yazoee mlio, bega litulie. Ya pili vya kukatiza. Ya tatu viwili viwili, hapo ndo kelele zilipoanza. Wenye choki za kubadilisha, yaani kile kibano cha mdomo wa mtutu, niliwaambia wafungue, mdomo mpana, kisahani kiko karibu tu. Miwani na vizuia sauti kila mtu, bila hivyo hupiti kamba, bunduki imefunguka muda wote mpaka umesimama kituoni.

Zawadi nilitumia mfumo wa Lewis na nausifia mpaka kesho. Mwisho wa siku unapanga alama zote toka juu mpaka chini, unazigawa mafungu manne ya watu watano watano, aliyeongoza kila fungu anapata zawadi ileile. Kwa kuwa hakuna anayejua fungu litakatika wapi, hakuna wa kupiga vibaya makusudi. Wa kwanza alipata 45 kati ya 48. Fungu la tatu aliongoza binti aliyeshika bunduki mara ya kwanza mwezi uliopita, 29, na alipigiwa makofi kuliko yule wa 45.

Tukabakiwa na maboksi kumi ya risasi, tukacheza ule mchezo wa kutoana: mnajipanga mstari, wawili tu ndo wanapakia, risasi moja moja, wa kwanza akikosa na wa pili akakivunja kisahani kilekile kabla hakijagusa chini, wa kwanza katoka. Yalienda maboksi sita. Waliobaki wawili wa mwisho ni mimi na mzee. Nilikosa, kisahani kikaenda mbali, nikajua kimepona, nikasikia Ithaca yangu inalia pembeni yangu na kile kidoti cheusi kule mbali kikapotea.