Ile swichi tuliyoijua wawili

Jana jioni mwanangu wa kidato cha pili kakaa barazani na mita yangu ya kupimia waya, kaokota swichi ya funguo kwenye lile boksi la vyuma chakavu anaipima. Akazungusha funguo ofu, mita ikalia. Akaweka oni, ikanyamaza. Akarudia tena na tena halafu akaniangalia, "Baba, mbona hii imekaa kinyume, ikizimwa ndo inaunganisha?" Nikamwambia iko sawa, pikipiki nyingi hizi za Mchina zinazopata moto kwenye sumaku ziko hivo, ule waya mweusi wenye mstari mweupe ukigusishwa na wa kijani ambao ni bodi, yani chuma chenyewe cha pikipiki, umeme uliotakiwa kwenda plagi unaishia chini na injini inakufa. Akakaa kidogo. "Kwahiyo mtu akiichomoa swichi yote pikipiki inawaka bila funguo?"

Hilo sikumjibu palepale, maana ndo swali lililowahi kunifikisha kituo cha polisi.

Ilikuwa masika ya 2018, bado niko Kihonda, Morogoro, kwenye lile banda la mabati. Mnaomkumbuka yule mteja wangu Mwalimu, alikuwa na pikipiki moja tu, kainunua kwa mkopo wa mshahara na kampa kijana wa mtaani kwa mkataba, elfu kumi kila siku, hesabu ikitimia pikipiki inakuwa ya kijana. Na kijana alikuwa mlipaji, nasema hivo kwa sababu nilikuwa naona, akikosa abiria mchana alikuwa anakesha Msamvu anasubiri mabasi ya usiku ili elfu kumi itimie.

Siku ya kwanza aliileta anaisukuma kwenye mvua. "Kaka imezima ghafla, moshi umetoka chini ya tenki." Nikatoa tenki, na harufu ya waya ulioungua ikajaa banda zima. Kumbe Mwalimu alishainunulia alamu ya rimoti ikafungwa na fundi mwingine huko mjini. Chanya ya alamu imechukuliwa moja kwa moja kwenye betri kabla ya fyuzi, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, halafu zimepitishwa pale shingoni usukani unapogeukia, yani kila akikata kona waya unasuguliwa na chuma. Siku ulipochubuka ukagusa bodi, na kwa kuwa hapakuwa na fyuzi ya kukatika ukaungua waya wenyewe urefu wake wote na ukayeyusha wenzake waliokuwa pembeni.

Nilichana tepu yote kuanzia taa ya mbele mpaka nyuma, nikapima mmoja mmoja, nyekundu nikaibadilisha yote, nyeusi nusu, za indiketa vipande vipande, kila kiungo nikachoma risasi na kukivisha ule mpira unaosinyaa ukiupasha moto. Watu wanalalamika fundi anachelewa lakini kiungo cha kusokota kwenye pikipiki hakidumu, mtikisiko unakilegeza, maji yanaingia, shaba inaota ukijani na volti zinapotelea hapohapo. Nilipomaliza, injini ikivutwa chaji inasoma volti 14.2, ikizimwa betri inabaki 12.6, nikajua rektifaya, ile inayorekebisha umeme wa kuchaji betri, imenusurika. Alamu nayo niliipima kabla ya kuiweka pembeni, ikiwa imelala tu inanyonya karibu miliamp 40, na betri ile ni ya 5Ah, yani inaweza kutoa miliamp 5,000 kwa saa moja. Gawanya, unapata saa 125, siku tano na kidogo hata betri ikiwa mpya. Ndo maana kijana alipolazwa na malaria alirudi akakuta stata haigeuki, na Mwalimu akadhani kijana kaharibu.

Jumamosi Mwalimu akaja mwenyewe.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba fundi. Sasa hii alamu si salama, nifunge nini?"

Nikamweleza nilichokuwa nakiamini na mpaka leo nakiamini. Kufuli la diski halimhusu, breki yake ya mbele ilikuwa ya dramu, hakuna tundu la kupitisha kufuli. Loki ya usukani ni ya kumchelewesha mtu tu, akiukaza usukani kwa nguvu inavunjika. Alamu ni nzuri kwa kukuamsha, lakini nyingi ile sehemu ya kuzuia injini inafanya kazi ileile ya swichi ya funguo, inaupeleka waya wa kuzimia, ule mweusi wenye mstari mweupe, kwenye bodi, kwahiyo aliyechomoa soketi ya alamu kashamaliza. GPS ni kitu kizuri ukiifunga na rilei, yani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kukata moto na ukaificha vizuri, ila inataka laini, inataka salio, inataka mtu wa kuiangalia kwenye simu, na bei yake kipindi kile Mwalimu alitikisa kichwa, mkopo wenyewe bado unakatwa. Tukaishia kwenye mnyororo mnene wa usiku na swichi ya siri.

Swichi ya siri nguvu yake yote ni siri. Waya wa kuzimia niliupeleka bodi kwa njia ya pili, nikaanzia jirani kabisa na CDI, kile kiboksi kinachopeleka moto kwenye plagi, ndani ya tepu ya zamani, kwa waya wa rangi ileile, ukaishia kwenye kiswichi kidogo mahali ambapo hata leo sitapataja. Hapo hata mtu angechomoa soketi ya funguo, kile kiswichi kikiwa kimefungwa plagi haipati moto. Nikamwita kijana nikamshika mkono nikamwonesha kwa kupapasa, bila kuchungulia. Mwalimu alisimama mbali kwa makusudi. "Mie siendeshi, mkijua nyie wawili inatosha."

Kabla masika hayajaisha ikaibiwa. Kijana alikuwa kapanga chumba, pikipiki anaifunga uani kwenye nguzo, mvua ilipiga bati usiku kucha hakuna aliyesikia kitu, alfajiri anatoka anakuta mnyororo umekatwa na mkasi wa vyuma. Mwalimu akaenda kuripoti na akasema ukweli kama anavyoujua, kwamba ile pikipiki haiwaki bila swichi ya siri na wanaoijua ni wawili, dereva na fundi. Kijana akawekwa ndani. Mimi nikapigiwa simu nifike na nisisafiri. Jioni ile mke wangu akanipakulia ugali, akakaa, akaniuliza taratibu, "Baba, kuna kitu unanificha?" Nilikuwa nimeivumilia ile simu lakini swali lake lilinikata njaa.

Bahati ikaja kwa mama mmoja wa kule Mkundi. Kaenda kupalilia mahindi akaona tairi. Pikipiki imelazwa katikati ya matuta, tope mpaka kwenye siti. Ikaletwa kituoni na pikapu na mimi nikaitwa.

Hapa naomba niende polepole.

Wameiegemeza kwenye ukuta wa uani. Mwalimu kasimama na mwavuli ingawa mvua imekata. Kijana wamemtoa, hana viatu, hana mkanda, suruali kaishika kwa mkono mmoja, ananiangalia mimi. Afande akasema fundi fungua utueleze. Nikamwambia afande kabla sijagusa naomba wewe upige picha, tena naomba uiangalie kwa macho yako nitakapokuonesha nisije nikaambiwa nimerekebisha. Akatoa simu akapiga.

Kava la pembeni halipo, betri hawajaiacha. Soketi ya swichi ya funguo imechomolewa inaning'inia, na waya zake mbili zimechunwa kwa meno au kisu na kusokotwa pamoja, yani walijaribu kila walichokijua. Nikashuka kwenye kiki. Mpira wake umechomoka, chuma kimeng'aa kwa kupigwa teke, na tope limekauka juu yake tabaka kwa tabaka, la kahawia na jekundu, maana walikuwa wanasukuma, wanasimama, wanapiga kiki, wanasukuma tena. Nikashika plagi. Ikazunguka kwa vidole. Nikamwambia afande aishike na yeye, ikazunguka. Walikuwa wameifungua, wameifuta, wameirudisha kwa mkono kwenye giza bila spana ya kukazia. Mwizi anayejua kwa nini pikipiki haiwaki hahangaiki na plagi.

Nikapeleka mkono kwa kijiswichi. Nilijua nitakachokipapasa lakini vidole vilikuwa vinatetemeka, na kijana nilimwona kwa pembeni kafumba macho. Kiko palepale, kimefungwa. Tepu yangu haijachanwa. Nikamsogeza afande, nikamsogeza Mwalimu, nikawaambia wapapase wenyewe kabla sijakigusa tena. Nikaichomoa plagi, nikaivisha kofia yake, nikailaza kwenye chuma cha injini, zile waya zilizosokotwa nikaziachanisha, nikamwomba askari mmoja kijana apige kiki. Hakuna kitu. Apige tena. Hakuna. Nikafungua kiswichi. "Piga." Cheche ya bluu ikaruka, tak, tak, tak, na betri haipo, maana moto wa ile pikipiki unatoka kwenye sumaku hauhitaji betri. Mtu mmoja nyuma akasema "aisee". Afande akamwangalia Mwalimu akasema, "Hawa wangekuwemo wasingesukuma mpaka Mkundi."

Kwahiyo ule waya mmoja ukatutoa wawili. Ila ilibidi kuanzia dakika ile kila aliyekuwa pale uani ajue swichi ilipo, na nusu yao siwajui mpaka leo.

Kijana alitoka siku ileile. Mwalimu alinishika mkono akaniomba radhi, mbele za watu, na nilimheshimu kwa hilo. Kwa kijana alijaribu pia, akamwambia urudi kazini mwanangu tuendelee na hesabu. Kijana akamjibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, chukua tu pikipiki yako." Alikuwa kashavuka nusu ya mkataba. Wakakaa kwa mwenyekiti wa mtaa, akarudishiwa kiasi, sijui kilikuwa cha haki au la kwa sababu hata wao wawili kila mmoja ananitajia kiasi tofauti. Yule kijana sasa hivi anaendesha bajaji ya mtu mwingine, akinipita anapiga honi. Mwalimu pikipiki aliiuza. Wateja ananiletea mpaka leo, anawaelekeza kabisa kwa simu mpaka mlangoni, yeye mwenyewe haji.

Tangu pale nilibadilisha namna ya kufunga. Waya nauandaa, nauchoma risasi, naweka fyuzi inapohitajika, naufikisha sehemu halafu nampa dereva kiswichi na tepu, namfundisha, naenda kunywa chai. Akirudi kuniita sitaki kujua kakiweka wapi. Nililiona jambo zuri na kwa miaka nikawa nalisema kwa fahari, fundi ajitoe kwenye siri ya mteja. Lakini nikikumbuka kijana alivyoishikilia ile suruali huwa najiuliza, zamani tulikuwa wawili wa kushukiwa na mmoja alikuwa na mita na mdomo wa kueleza. Sasa hivi nimejitoa mimi, nimemwacha dereva peke yake na siri yake, na ikiibiwa wa kwanza kutafutwa ni yeye tu.

Nikaanza kuwashauri wenye pikipiki na wao waijue. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye pikipiki mbili za mkataba alikataa katakata. Akasema, "Fundi, mie nikijua, siku ikipotea dereva atasema nimeichukua mwenyewe ili yeye asimalizie hesabu ikawa yake," na sote tunajua matajiri wanaofanya hivo wapo. Dereva wake alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, hakusema ndiyo wala hapana. Sikuwa na jibu. Nikazifungia zote GPS za rilei, fyuzi ya amp 2 kila moja, laini kwa jina lake mama, na namba ya kuangalizia nikaiweka kwenye simu zote mbili, ya kwake na ya dereva. Alilipa, akauliza kama dereva naye anaweza kuikata moto akiwa mbali. Nikamwambia anaweza. Wakaangaliana.