Kampasi ilifungwa, ajira zikabaki: tulivyojadiliana na mwajiri

Kama shule yenu binafsi imeanza minong'ono ya kufungwa, acheni kwanza habari za redio na mkuu wa wilaya. Nendeni mkachukue nakala ya ratiba ya vipindi. Sababu nitaieleza mbele.

Nilikuwa mwakilishi wa chama cha walimu kwenye shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza mkoani Morogoro, yenye kampasi mbili. Kuelekea mwisho wa 2020 mkurugenzi aliamua kufunga moja, yetu. Sababu zilikuwa wazi kwa kila mtu. Tangu elimu bila ada ianze kwenye shule za serikali Januari 2016 watoto walikuwa wanapungua, halafu corona ikafunga shule kuanzia 17 Machi hadi 29 Juni 2020 na ada ikakwama kwa wazazi. Kampasi yetu ilikuwa na walimu 27. Walioondoka bila kutaka ni watatu. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimechoka kuambiwa kazi ya chama cha walimu ni kugawa fulana za Mei Mosi.

Ushauri mbovu wa kwanza ulikuwa huu: chama hakina mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja ya masharti ya kazi) na shule, kwa hiyo hakina cha kusema. Tuliambiwa hivyo na ofisa utumishi, kwa upole kabisa, na walimu wengine wakaamini. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema vingine. Mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi anatakiwa kutoa notisi ya kusudio mara tu wazo hilo linapoanza kufikiriwa, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane kabla ya kumpunguza yeyote. Anashauriana na chama kinachotambuliwa rasmi. Kama wapo wanachama ambao hawawakilishwi na chama cha namna hiyo, anashauriana na chama chao kilichosajiliwa. Wasio na chama anazungumza nao wenyewe. Sisi tuliingia kwa mlango wa pili. (Namba za vifungu nazitaja kama zilivyokuwa wakati ule. Sheria imefanyiwa marekebisho 2025, hasa upande wa fidia, kwa hiyo anayekutajia fidia ya mshahara wa "miezi 12" kwa kichwa mwambie afungue toleo jipya.)

Mlango huo unafunguliwa na fomu za TUF 6, zile za kuruhusu makato ya ada ya chama, zikiwa na sahihi ya mwanachama na muhuri wa mhasibu kwamba zimepokelewa. Kadi ya chama peke yake mwajiri ataibishia. Tulikuwa na wanachama 19, na sheria inaruhusu wawakilishi watatu kwa wanachama 10 hadi 20. Wakifika 21, wawakilishi wanaruhusiwa kufika kumi. Tukawaandikisha wawili waliokuwa wanasitasita tangu enzi, na mezani tukaongeza mtu wa chekechea na mtu wa Hisabati. Huyu wa Hisabati ndiye aliyetuokoa.

Barua yetu ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja, haina hata neno moja la kulaani. Iliomba vitu: orodha ya walimu wa kampasi zote mbili na tarehe za ajira, masomo wanayofundisha na aina ya mkataba, idadi ya wanafunzi kwa kila mkondo, ratiba ya vipindi ya kampasi inayobaki, orodha ya walimu wa vipindi na wa kujitolea, hesabu za mapato na matumizi za miaka mitatu, na nakala ya barua waliyoandikiwa wazazi. Hesabu za fedha hatukuzipata zote, na kusema kweli hazikutusaidia sana, maana hasara ilikuwa ya kweli. Wanaopoteza wiki nzima wakibishana kama shule ina hasara au haina wanapigana mahali ambapo mwajiri ana nguvu. Bishaneni juu ya nani aondoke, na kwa nini nafasi zisiwepo upande wa pili.

Kuhusu nani aondoke, ofisa wa chama kutoka mkoani alitujia na dawa yake ya siku zote: wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka. Haina upendeleo, alisema, na inaeleweka haraka. Mkurugenzi akatabasamu na kusema hana pingamizi. Tabasamu lile peke yake lingetosha kututia shaka. Mwalimu wa taaluma akaipanga orodha ubaoni kwa tarehe za ajira. Chini kabisa, kwenye kundi la kuondoka, wakajikuta walimu wawili wa Hisabati, mmoja wa Sayansi na yule wa TEHAMA ambaye hakuwa na mwenzake. Juu, salama salimini, wamejaa walimu sita wa Kiswahili na Maarifa ya Jamii, wengine wamekaa miaka kumi na zaidi. Shule ingefungua Januari ikiwa na methali za kutosha na hesabu sifuri. Mkurugenzi angekubali siku ile, na mwezi wa pili angeajiri walimu wapya wa Hisabati kwa mshahara mdogo zaidi. Ofisa wetu alifuta ubao mwenyewe, bila kuombwa, akasema tuendelee baada ya chai.

Baada ya chai tukapendekeza ukongwe ndani ya somo: walimu wa somo moja wanalinganishwa wao kwa wao, na anayeweza kufundisha masomo mawili kwa cheti anahesabiwa kwenye yote mawili. Kipengele hicho cha masomo mawili ndicho kilichowapa nafasi walimu watatu wa Kiswahili waliokuwa na Uraia kwenye vyeti vyao. Vigezo visivyoruhusiwa, kama uanachama wa chama au ujauzito, tuliomba viandikwe kwamba havitatumika. Mkurugenzi alikasirika akasema hana nia hiyo. Tukamjibu kwamba basi kuandika hakumgharimu kitu.

Sasa ratiba. Mwajiri alishikilia kwamba kampasi inayobaki imejaa. Wakati huohuo alikuwa amewaandikia wazazi kwamba kila mtoto ana nafasi kule na basi la shule litawachukua. Nakala tulipewa na mzazi. Mwalimu wa Hisabati akafanya hesabu mbele yao kwenye karatasi ya kawaida. Watoto 160 wanahamia, darasa linachukua 40, kwa hiyo mikondo minne mipya. Kila mkondo una vipindi 8 kwa siku, siku tano, vipindi 40 kwa wiki. Mikondo minne ni vipindi 160. Mwalimu mmoja wa shule ile anabeba vipindi 26 kwa wastani. Gawanya: walimu sita. "Mkurugenzi, hawa sita tayari wapo kwenye barua yako kwa wazazi," akasema. "Au hao watoto watafundishwa na dereva wa basi?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka. Tukaingia kwenye ratiba yenyewe. Walimu kumi kule walikuwa wanabeba vipindi zaidi ya 30. Kuwapunguzia vitano kila mmoja kulitoa vipindi 50, nafasi mbili nyingine. Vipindi vya walimu wa muda, wanaolipwa kwa kipindi, vilitosha watu wanne. Maktaba haikuwa na mtu, ikachukua mmoja. Ukiomba "nafasi" kwa maneno utajibiwa kwa maneno. Ukiweka vipindi mezani, inabidi mwajiri naye alete vipindi vyake.

Wengine sita walichagua kuondoka kwa malipo, wanne walikubali nusu ya vipindi kwa mihula miwili, na mmoja alikuwa amebakiza wiki chache astaafu.

Wakati meza inaendelea, kundi moja la wenzetu liliona tunachelewa. Wakashauriwa na jamaa mmoja wa mtaani waende ofisi ya serikali na mabango. Wakatumwa ofisi ya pili, ya pili ikawatuma ya tatu, na ya tatu ikawauliza kama mashauriano na mwajiri yamekwisha. Hayajaisha, warudi. Jamaa yuleyule alikuwa ameanza pia kuhubiri mgomo. Mgomo halali unahitaji mgogoro wa maslahi (yaani wa kudai masharti mapya ya kazi) ulioshindikana kwenye usuluhishi, kura ya wanachama na notisi ya saa 48. Ukiacha kufundisha katikati ya mashauriano ya kupunguzwa, unampa mwajiri sababu ya nidhamu ambayo hakuwa nayo.

Kilichouma zaidi ni kwamba siku ile ile ya mabango, waliobaki shuleni waliitwa mmoja mmoja ofisini. Karatasi iliyowekwa mbele yao ilikuwa na kichwa cha "Makubaliano ya Kusitisha Ajira", na mstari mmoja chini: nimepokea stahili zangu zote na sina madai mengine. Ukisaini hiyo umeachana na mwajiri kwa makubaliano, na kusema baadaye kwamba uliachishwa isivyo halali ni kupanda mlima bila viatu. Tulikuwa tumewaambia wanachama mapema: barua yoyote pokea, andika kwa mkono wako "nimepokea, sijakubali yaliyomo", weka tarehe, piga picha, ondoka. Wote walioitwa waliandika hivyo. Fanyeni vivyo hivyo kwenye karatasi ya mahudhurio ya kikao. Kuna waajiri wanaoibandika baadaye nyuma ya muhtasari ambao hakuna aliyeuona, ikawa ndiyo ushahidi kwamba mlikubaliana. Sisi tuliandika "mahudhurio tu" juu ya safu ya sahihi, na muhtasari ulisainiwa ukurasa kwa ukurasa kabla mtu hajanyanyuka.

Jambo jingine la kuwaambia wanaotaka kuondoka wenyewe: wasiandike barua ya kuacha kazi. NSSF ina fao la kukosa ajira kwa mwenye michango isiyopungua miezi 18, na halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Barua itoke kwa mwajiri, iseme amepunguzwa kwa sababu za kiuendeshaji. Na kabla ya yote kila mtu achukue taarifa ya michango yake. Kwetu ilionekana miezi kadhaa ya corona haikupelekwa, na hilo liliingia kwenye makubaliano kama deni linalojitegemea.

Barua za kupunguza zilitaka kutoka mwisho wa Novemba, vigezo vikiwa bado havijakubaliwa. Tukajaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, tukampelekea mwajiri nakala kwanza, akasaini kupokea, ndipo tukaifikisha Tume pamoja na uthibitisho huo. Wengi hurudishwa kwa kukosa ile sahihi tu. Mashauriano yakikwama na suala likafika kwenye usuluhishi, mwajiri hatakiwi kutekeleza punguzo ndani ya siku 30 za usuluhishi. Kwa hesabu hiyo mshahara wa Desemba ulikuwa salama, na mkurugenzi akapata sababu ya kurudi mezani haraka. Kumbukeni kwamba ambaye tayari ameachishwa ana siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume. Akichelewa anaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa kwa fomu namba 2, na inaweza kukataliwa. Gharama yetu yote ilikuwa nauli na kudurufu, labda elfu themanini na kitu, mfuko wa tawi uliibeba.

Walimu wenye mikataba ya mwaka mmoja iliyokuwa inaisha 31 Desemba, mwajiri alitaka kuwatoa kwenye hesabu kabisa: hawapunguzwi, mkataba umeisha. Lakini mikataba yao ilikuwa imehuishwa mara kadhaa bila hata maombi, na rasimu ya ratiba ya Januari ilishawapangia majina. Hayo mawili yanajenga matarajio halali ya kuhuishiwa, na kutohuisha kunaweza kuhesabika kuwa kuachishwa. Walirudi kwenye orodha kama wengine.

Kwa wanaohamishwa, someni barua ya uhamisho kama mnavyosoma mtihani wa Taifa. Lazima itaje mshahara, kituo, na kwamba utumishi unaendelea tangu tarehe ya ajira ya kwanza. Bila maneno hayo ya mwisho, miaka minane inageuka sifuri. Mwanachama mmoja alitaka kukataa kuhama kwa hasira. Tulimwonesha kifungu cha 42: anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anapoteza kiinua mgongo. Kampasi ilikuwa mwendo wa bajaji mbili, akahama.

Kiinua mgongo chenyewe ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Ugomvi upo kwenye kupata mshahara wa siku. Kwa mshahara wa 600,000 na miaka minane, ukigawa kwa 30 unapata 1,120,000; ukigawa kwa 26 unapata kama 1,292,000. Mhasibu aligawa kwa 30, sisi tukashikilia 26, na 26 ndiyo iliyoandikwa. Juu yake kuna notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo haijachukuliwa, nauli na mizigo hadi mahali ulipoajiriwa, na cheti cha utumishi.

Wale watatu walioondoka bila kutaka waliandikiwa kipengele cha kuitwa kwanza iwapo nafasi ya somo lao itafunguka ndani ya miezi 12, kwa simu na kwa barua, na siku saba za kujibu. Mmoja aliitwa Aprili. Wawili walikuwa wameshapata pengine.