Kukimbia Karura na mbwa wa kilo 45

Simba ni Rottweiler, na siku ya kwanza niliyomchukua kukimbia msitu wa Karura, jijini Nairobi, aliniangusha chini. Alikuwa ameona kima. Kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi, na vidole vyangu viwili vilivimba wiki nzima.

Karura mbwa haachiliwi kamba, na mimi naunga mkono sheria hiyo, maana mle mna paa, pongo na watoto wa watu. Basi nikanunua mshipi mpana wa kiunoni wenye kamba ya kuvutika, naye nikamvalisha mikanda ya kifuani ili asijikabe koo. Kisha kwa miezi miwili hatukukimbia kabisa. Akivuta, nasimama. Kamba ikilegea, twende. Asubuhi nyingine hatukutoka hata karibu na lango, lakini sikukasirika naye. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka na nusu, na mifupa ya mbwa mkubwa huchelewa kukomaa.

Kilichonitisha ni joto. Jumamosi moja tulianza saa nne, jua limeshawaka. Kwenye kilomita ya sita Simba alijitupa kivulini, anahema kwa sauti, ufizi umeiva wekundu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Joto hulitoa kwa kuhema, na huyu ni mweusi tena mzito. Nilimmwagia maji yangu yote tumboni na mapajani, nikampepea kwa fulana hadi pumzi ikatulia, kisha moja kwa moja kwa daktari wa mifugo.

“Ndugu yangu,” daktari akaniambia, “huyu hatakuambia amechoka. Atakufuata mpaka aanguke.”

Maneno hayo sijayasahau. Sasa tunaanza asubuhi na mapema, nabeba lita mbili za maji, moja ni yake, na kila anapotaka kusimama tunasimama. Chakula anakula baadaye, akishapoa, kwa sababu tumbo la mbwa mwenye kifua kikubwa linaweza kujisokota, na hilo huua kwa saa chache. Nyumbani namkagua kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole kabla sijavua viatu.

Tumefika kilomita nane bila kuvutana. Mteremko wa kuelekea kwenye maporomoko ya maji ndio bado unatushinda, kwa hiyo pale tunatembea.