Wiki tano kurasa za nyaraka zangu zilikuwa tupu na taa inawaka kijani

Kuna mtu nisiyemjua alinitumia ujumbe wa mstari mmoja, "kaka samahani, hii sehemu ya maelezo ya fankisheni mbona haina kitu?" Nikafungua kwenye kompyuta yangu, ipo. Nikachukua simu nikaingia kwenye tovuti yenyewe, kichwa cha ukurasa kipo alafu chini yake hamna kitu, nyeupe tupu. Nikaenda ukurasa wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo, jumla kurasa kumi na moja, na nilipofuatilia nikakuta zimekuwa hivyo toka nilipotoa toleo jipya wiki tano nyuma, na muda wote huo kule kwenye ripo (ghala la kodi mtandaoni) alama ya kijani inanionyesha ujenzi umepita salama. Iliniuma sana, maana hii ni laibrari ya kusafisha data na kuna watu wameshaiweka kwenye kazi zao za kila siku, sasa mtu anakuja kutafuta fankisheni inapokea nini anakuta patupu, si anaondoka tu.

Natumia Sphinx, programu ya kujenga kurasa za nyaraka, ile aliyoianzisha Georg Brandl kwa ajili ya nyaraka za Python yenyewe, ikatoka 2008. Ndani yake kuna autodoc, kazi yake ni kuchukua yale maelezo uliyoandika ndani ya kodi chini ya kila fankisheni na kuyapanga ukurasani. Wengi tunadhani inasoma faili kama maandishi tu, kumbe hapana, inaimpoti moduli yako (faili la kodi) kabisa, yaani kodi yako inaendeshwa pale wakati wa kujenga nyaraka. Kwenye kompyuta yangu numpy, laibrari ya mahesabu ambayo yangu inaitegemea, ipo na kila kitu kipo, hivyo inapita. Kule kwenye seva inayojenga nyaraka mashine inaanza ikiwa tupu kila mara, na mimi kwenye toleo lile nilihamisha orodha ya vitu vinavyohitajika kwenda faili jingine bila kuiambia seva, basi ikifika kuimpoti inagoma, Sphinx inaandika onyo kwenye logi (kumbukumbu ya ujenzi) na kuendelea na safari kama kawaida. Kwake onyo sio kosa. Ukurasa unatoka una kichwa hauna mwili na taa inawaka kijani.

Dawa yenyewe ni ndogo. Kama unahifadhi kwenye Read the Docs, huduma ya kujenga na kuweka nyaraka mtandaoni, kuna faili linaitwa .readthedocs.yaml, toka 2023 ni la lazima, humo unaiambia iinstoo laibrari yako yenyewe pamoja na vyote inavyotegemea. Alafu kwenye sehemu ya sphinx weka fail_on_warning: true, au ukijenga mwenyewe ongeza -W, hapo kila onyo linakuwa kosa na ujenzi unakataa kupita. Kuna njia nyingine ya autodoc_mock_imports, inaweka moduli za bandia ili kuimpoti kupite, inasaidia kwa zile laibrari nzito ambazo hazikubali kuwekwa kwenye seva, ila mimi siipendi kama kuna namna nyingine.

Nilipowasha tu -W yakamwagika maonyo 43. Karibu yote yalikuwa ya aina moja, ukiandika reStructuredText, muundo wa maandishi ambao Sphinx inausoma, kichwa unakipigia mstari wa alama za sawasawa (=) chini yake na mstari lazima ufikie urefu wa kichwa, sasa mimi miezi ile nilikuwa naongeza neno juu nasahau kurefusha chini. Ni vitu vidogo lakini ndo vilivyolificha lile onyo moja la maana, maana nani anasoma logi yenye maonyo 43. Jioni nzima nilikaa nayafuta moja moja mpaka ikabaki sifuri, na toka siku hiyo likitokea moja naliona.

Nakala ya akiba ya nyaraka niliiweka GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti, hapo nikakutana na kingine, ukurasa unafunguka lakini uko uchi, hauna rangi wala mpangilio. Sababu ni kwamba GitHub Pages inapitisha faili kwenye Jekyll, programu yake ya kutengeneza tovuti, na Jekyll inaruka folda ambazo jina linaanza na alama ya mstari wa chini (_), wakati Sphinx mapambo yake yote inayaweka kwenye _static. Unaweka faili tupu linaloitwa .nojekyll, basi, imeisha.

Kitu ninachokisisitiza zaidi ni mifano. Python ina doctest, kifaa cha kujaribu mifano ya kodi, toka toleo la 2.1, mwaka 2001, na Sphinx inaweza kuiendesha juu ya nyaraka zako, inachukua kila mfano inaupiga na kulinganisha jibu na ulichoandika. Mifano yangu 19, minne ilikuwa imekufa, mmoja upo ukurasa wa kwanza kabisa ambao kila mgeni anauanza nao! Kwa maoni yangu mfano usiofanya kazi ni mbaya kuliko kukosa mfano, maana mgeni akiukopi ukagoma anadhani tatizo ni yeye, anahangaika saa nzima na hatakuandikia kukuambia. Na kama nyaraka zako zinafunguka moja kwa moja kwenye "latest" (kodi ya sasa hivi) badilisha ziende "stable" (toleo lililokwisha kutolewa), aliyeinstoo toleo lililotoka asisomeshwe mambo ambayo bado yako kwenye tawi kuu tu.

Yule aliyeniandikia nilimjibu siku ileile, nikamshukuru na kumweleza kilichotokea. Juzi ameleta marekebisho yake mwenyewe, sentensi mbili kwenye ukurasa wa kuanzia ambazo kweli zilikuwa zinachanganya. Leo asubuhi nimeyaunganisha, nikasubiri ujenzi uishe, alafu nikachukua simu nikafungua zile kurasa kumi na moja moja baada ya nyingine.