Hana Aliomba Shilo Ileile ya Hofni

Mtu akivunjwa moyo na mchungaji, mzee wa kanisa au mwanakwaya mwenzake, huambiwa upesi: "Usiangalie watu, mwangalie Yesu." Ni kweli, ila mara nyingi husemwa ili anyamaze. Bado hajui Jumapili ijayo aende wapi, sadaka yake aitoe wapi, wala mahubiri aliyoyasikia kwa mtu yule ayafanyeje.

Fungua 1 Samweli 1 na 2. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa makuhani Shilo, palipokuwa na hema la ibada. Mtumishi wao alipita na uma wa meno matatu akichomoa nyama ya sadaka chunguni, na wakati mwingine alidai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa. Aliyekataa alitishiwa kunyang'anywa kwa nguvu. Tena walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Elkana na mkewe Hana walikuwa wakipanda huko kila mwaka, na 1:3 inawataja makuhani hao kwa majina. Hana aliomba palepale, Eli akamdhania amelewa, na ombi lake la kupata mtoto likajibiwa. Lakini Biblia haikuwafichia makuhani wale: mtu wa Mungu alitumwa kumkemea Eli, na wanawe wote wawili wakafa siku moja (4:11). Kuendelea kumwabudu Mungu hakukuhitaji uovu ufunikwe.

Sasa chukua karatasi, igawe safu tatu: alichotenda, alichofundisha, alichosema Kristo. Safu ya kwanza andika uliyoyaona au yaliyothibitishwa tu. Tetesi za kwenye kundi la WhatsApp zibaki nje. 1 Timotheo 5:19 hutaka mashahidi wawili au watatu mzee anaposhtakiwa. Wanaopenda kuunukuu mstari huo hawafiki wa 20, unaoagiza wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote.

Kazi ngumu ni kulinganisha safu ya pili na ya tatu. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba sehemu ya walichokiita imani ilikuwa sauti ya mhubiri. Kwa mfano, "msiwaguse masihi wangu" (yaani wapakwa mafuta wangu) hutumiwa kuwatisha waumini wasihoji. Isome Zaburi 105 kuanzia mstari wa 9: inamtaja Abrahamu, Isaka na Yakobo, na wanaokemewa ni wafalme waliotaka kuwaonea. Daudi alikuwa masihi wa Bwana kwelikweli, na nabii Nathani alimkemea usoni kwa dhambi yake, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mafundisho ya namna hiyo yafute bila huruma. Lakini lililo kweli lisifutwe kwa sababu tu lilipita kinywani mwa mnafiki: katika Mathayo 23:3 Yesu anasema kuhusu waandishi na Mafarisayo, yashikeni wanayowaambia, msiyafuate matendo yao. Hata Paulo alipompinga Petro ana kwa ana kule Antiokia (Wagalatia 2:11-14), alimpinga kwa sababu ya injili ambayo wote wawili waliihubiri.

Swali jingine hujitokeza: je, ubatizo niliopewa na mtu yule ni halali? Kanisa la Afrika Kaskazini lilipasuka kwa swali la namna hii baada ya mateso ya Diokletiano yaliyoanza mwaka 303, pale Wakristo walioitwa Wadonato walipokataa huduma za maaskofu waliodaiwa kuwakabidhi watesi Maandiko. Askofu Augustino wa Hipo aliwajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo, si mali ya anayebatiza. Kanuni ya 26 kati ya 39 za Kanisa la Anglikana inashikilia hivyohivyo. Kwa msimamo huo, huna haja ya kubatizwa upya.

Kwa wiki za mwanzo, soma Marko, sura moja kwa siku, ziko 16. Ukishindwa kuomba, isome Zaburi 55 kwa sauti: mistari ya 12 hadi 14 inamlilia rafiki aliyetembea nawe nyumbani mwa Mungu kisha akakugeuka. Ukitaka kupumzika zamu ya kwaya au shule ya Jumapili, taja tarehe ya kurudi au ya kuamua. Pumziko lisilo na tarehe hugeuka kuacha kabisa bila mtu kuamua.

Kosa la kati ya watu wawili lina njia yake katika Mathayo 18:15-17: peke yenu, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Wizi, kipigo au unyanyasaji wa mtoto ni jinai, hupelekwa polisi. Kumtuma aliyenyanyaswa akakae faragha na mnyanyasaji wake "kwa kufuata Mathayo 18" ni ukatili. Na kusamehe hakumaanishi kumrudishia mtu ufunguo wa sanduku la sadaka. Wengi hukwama hapo kwa kudhani ni jambo moja.

Ukihama, usitafute kanisa lisilo na wakosaji, hutalipata. Uliza sadaka huhesabiwa na watu wangapi, taarifa ya fedha husomwa lini mbele ya waumini, na malalamiko hupelekwa kwa nani endapo anayelalamikiwa ni mchungaji mwenyewe. Wakikuona mkorofi kwa kuuliza hayo matatu, endelea kutafuta.