Mtoto wa Redcliffe na mnara unaomngoja

Wiki hii nimerudia Dragon Age: Origins, gemu la mwaka 2009, na kama kawaida yangu nimekwama Redcliffe, kijiji chenye ngome. Vita vya pale si vigumu. Kinachonikwamisha ni Isolde, mke wa bwana wa ngome ile, na mwanawe Connor.

Kwa asiyelijua gemu lenyewe: nchi za huko kwa ujumla zinaitwa Thedas, na uchawi mtu huzaliwa nao, awe wa tajiri au wa mkulima. Mtoto akigundulika anao, Matempla, yaani askari wa kanisa lao, wanakuja kumchukua. Anapelekwa kwenye mnara wa Duara, na humo ndimo anamokulia, anamosomea na mara nyingi anamozeekea. Hata akiwa mtoto wa mtawala, harithi kiti. Isolde akaziona dalili kwa mwanawe wa pekee, akanyamaza. Mumewe mwenyewe hakumwambia. Akatafuta mwalimu wa kichinichini, akampata Jowan, kijana aliyetoroka mnarani, kumbe ametumwa na adui wa mumewe aje kumtilia sumu. Baba akawa mahututi kitandani. Mtoto, kwa uchungu wa kutaka baba apone, akapatana na pepo. Usiku ukiingia, wafu wanateremka kutoka ngomeni kuja kuua wanakijiji.

Wachezaji wengi hulisoma gemu hili kama fumbo la ubaguzi: weka humo watu wowote walioonewa duniani, hadithi itakaa sawa. Mimi nimekulia Kanda ya Ziwa, siafiki moja kwa moja. Kwetu vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka nenda miaka rudi. Bibi yule hana kitu. Ana jiko la moshi, na pengine kipande cha shamba ambacho kuna mtu amekitamani. Kumtetea hakuhitaji hoja ndefu. Connor anacho. Pepo amemwingia kweli, na watu wamekufa kweli. Hofu ya Thedas si ya ramli chonganishi, na ndiyo maana gemu hili linaninyima usingizi kuliko lingekuwa fumbo safi. Linauliza umfanyeje mtu ambaye ni hatari kweli, na bado hajamkosea yeyote.

Jibu la Duara limepangwa, huwezi kulikanusha. Kila mwanafunzi hutolewa damu ikatiwa kwenye kichupa, na akitoroka Matempla wanakitumia kichupa hicho kumfuata mpaka alipojificha. Halafu lipo jaribio. Mwanafunzi haambiwi litakuwa nini. Roho yake inapelekwa Fade, ulimwengu wa ndoto wanakokaa pepo, akapambane peke yake, huku mwili wake umezungukwa na watu wenye panga. Akirudi si yeye, wanammaliza hapo hapo. Anayedhaniwa hataweza, au anayekataa mwenyewe, hukatwa na Fade moja kwa moja: uchawi unamtoka, na pamoja nao furaha, hasira, hamu, hata ndoto za usiku. Hao ndio Waliotulizwa.

Kwenye mnara wa Ferelden, nchi ya Thedas linakochezwa gemu hili la kwanza, yuko mmoja anaitwa Owain, mtunza stoo. Unafika pale pepo wameshauteka mnara, maiti zimelala kila korido, wewe mwenyewe umelowa damu, unamkuta Owain stoo kwake. Anakueleza, sauti ile ile moja, kwamba alijaribu kutoka akakuta njia imezibwa, basi akarudi kupanga vitu. Anasema angependelea asife. Anasema hivyo kama mtu anayependelea chai isiyo na sukari. Nimeua majoka mengi katika gemu na sikuwahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwa yule bwana, maana kwa hesabu za Duara yeye ndiye mfano mzuri: mwenye uchawi asiye na hatari, mchapakazi, hadai chochote.

Na wanaomlinda nao wamefungwa, ingawa kwa kamba nyingine. Nguvu za Templa zinatokana na lyrium, kitu anachokunywa mpaka hawezi tena kukiacha, na mwenye kugawa lyrium ni kanisa. Cullen, kijana wa Kitempla unayemkuta kwenye mnara huo huo, anakuja kuonekana tena miaka baadaye akijaribu kuiacha, anatetemeka mtu mzima. Sikutegemea kumhurumia.

Upande wa pili nao wana la kusema. Katika Dragon Age II, ya mwaka 2011, unatembea na Fenris, mtumwa aliyetoroka Tevinter, nchi ambako wenye uchawi ndio watawala. Bwana wake alimchora kwa lyrium ndani ya ngozi, mwili mzima, kwa maumivu yaliyomfutia kumbukumbu za maisha yake ya nyuma. Kila nikianza kuwapigia debe wenye uchawi, Fenris ananikata kauli, na sina cha kumjibu, kwa kuwa yeye ameishi mahali ambako hakuna wa kuwazuia. Waqunari, watu wengine wa Thedas, wao wamemaliza ubishi kwa kuwatia wenye uchawi wao minyororo na kuwafunga midomo, hao nawapita. Wadalish, jamii ya kuhamahama, ningependa wapewe nafasi zaidi: kwao kiongozi wa ukoo huwa ndiye mwenye uchawi, ndiye pia anayetunza hadithi za mababu, na watoto wanamkimbilia badala ya kumkimbia.

Sasa kuna jambo katika gemu hilo la pili ambalo sidhani kama watunzi walilikusudia. Ukimcheza Hawke, mhusika mkuu wa gemu hilo, akiwa mwenye uchawi, unaweza kurusha moto katikati ya Kirkwall, mji wenye Matempla wakali kupindukia, mchana kweupe, fimbo mgongoni, na hakuna askari anayegeuza shingo. Wachezaji wamelicheka hilo miaka mingi. Ni kasoro, sawa. Lakini itazame hadithi yenyewe. Ukimcheza Hawke asiye na uchawi, mwenye uchawi nyumbani ni mdogo wake, Bethany. Ukimwacha ukaenda kutafuta mali chini ya ardhi, unarudi unawakuta Matempla wameshamfuata, pale kwa mjomba mlikojibanza, mtaa wa walalahoi. Hawke mwenye uchawi akirudi na dhahabu, analikomboa jumba la ukoo wa mama yake kule kwa wakubwa, na Meredith, mkuu wa Matempla, ambaye hana huruma na mchawi yeyote, anamvumilia. Uchawi ni ule ule. Kilichobadilika ni anwani.

Kwa hiyo simlaumu Isolde kama nilivyomlaumu zamani. Alikuwa mkaidi, alisema uongo hata wakati watu wanakufa, na sauti yake inakera, hilo silifichi. Ila mzazi akiona afadhali mwalimu mtoro kuliko mnara, basi mnara wenyewe ndio unaozalisha kile ulichojengwa kukizuia. Connor angefundishwa mapema, karibu na mama yake, na mtu anayejua kazi, pepo angepata wapi mlango?

Gemu linakupa njia tatu. Unaweza kumuua mtoto. Unaweza kumtumia mama kama kafara ya uchawi wa damu, na Isolde anajitolea bila kusukumwa. Au unakwenda Duara kuomba watu wa kuingia Fade kumtoa yule pepo, na njia hiyo ipo tu kama hukuwaruhusu Matempla kuwachinja wote mnarani. Ukishawamaliza wenye uchawi kwa kuogopa pepo, siku pepo akija huna wa kumtuma. Hiyo ndiyo nukta niliyoipenda kuliko hotuba zote za gemu hili, maana haisemwi na mtu yeyote, unaigundua ukishachelewa.

Nikimaliza naingia Inquisition, gemu la tatu, la 2014, ambako minara imeshaasi na vita vimewaka. Humo yumo Vivienne, mwenye uchawi anayetaka Duara lirudishwe. Anasema raia wanahitaji kulindwa, na wenye uchawi wenyewe wanahitaji mahali pa kujifunza ambapo wanakijiji hawawafikii. Yote mawili ni kweli. Anayasema akiwa mchawi rasmi wa ikulu ya Orlais, dola jirani na Ferelden, amevaa kama malkia, na kichupa cha damu hakijamkosesha dhifa hata moja. Mara zilizopita nilimwacha kambini kwa hasira. Safari hii nitamchukua, pamoja na Dorian wa Tevinter, na nafasi ya tatu nitampa Cassandra, ambaye shirika lake ndilo lililowasimamia Matempla. Farasi sipandi, kwa sababu ukipanda farasi wenzako hawabishani, na mimi nataka niwasikie njia nzima.